Spika na hedifoni za kusikilizia opera nyumbani: pima ukimya kwanza

Walimu wawili wa kwaya, mmoja wa Igoma na mwenzake wa Nyegezi, hapa Mwanza, wameniletea lalamiko moja. Rekodi ya opera wanayo, safi kabisa, spika wamenunua kwa hela ya maana, na bado pale penye utamu wenyewe wanasikia "sssss" tu. Rekodi haina kosa. Hiyo ni kelele ya spika yenyewe, na wauzaji hawaitaji kamwe.

Opera haipigwi kwa kishindo mwanzo mpaka mwisho. La traviata ya Verdi inaanza na violin zikiimba juu, taratibu, kwa sauti ndogo mno. Das Rheingold ya Wagner inaanza na kontrabasi, zile violin kubwa za sauti nzito, zimeshikilia noti moja ya chini, karibu hezi 39, yaani mitetemo 39 kwa sekunde. Spika inayochakacha inazizika zile violin. Amplifaya inayovuma inazizika kontrabasi, maana mvumo wa umeme wetu ni hezi 50, jirani kabisa na noti ile.

Kwa hiyo ukifika dukani usiombe kupigiwa muziki. Omba spika iwashwe bila kupiga chochote, sauti ipandishwe mpaka kiwango utakachosikilizia nyumbani, kisha sogeza sikio. Ukikaa umbali wa mkono mmoja na bado unasikia kelele, spika hiyo iache hapo hapo dukani. Ila tahadhari, rekodi za zamani zina kelele zao: opera ya Tosca aliyoimba Maria Callas mwaka 1953 ina mchakacho wa tepu, na huo ni wa kuvumilia. Simamisha muziki. Kelele ikikatika ilikuwa ya rekodi, ikibaki ni ya spika.

Namba moja kwangu ni hedifoni, tena Sennheiser, na naipendelea waziwazi. Wajerumani hawa ndio waliotoa HD 414, hedifoni za mgongo wazi, zisizozibwa upande wa nje, mwaka 1968, na kazi hiyo wanaijua. HD 599 ina omu 50, yaani ukinzani wake kwa umeme ni mdogo, simu au laptopu inaisukuma bila shida. HD 600 ni tamu zaidi, lakini omu zake 300 zinadai amplifaya. Ukichomeka HD 599 kwenye simu isiyo kwenye chaji, umeme wa ukutani haupo, na mvumo wake haupo. Ubaya wake ni huo mgongo wazi: mvua ikipiga bati, unaisikia yote.

Namba mbili ni spika za Yamaha HS5, jozi. Amplifaya imo ndani, na sauti za waimbaji zinatoka kama zilivyo, hazijapambwa. Kwa chini zinaishia hezi 54, kwa hiyo noti ile ya Wagner utaipata nusunusu. Zikivuma, usikimbilie kuzirudisha. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo nyuma yake waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haukuungwa popote, na mvumo unaweza kutoka hapo. Mwite fundi apime.

Namba tatu ni amplifaya ya mtumba kutoka Japani na spika zake. Nyingine ni nzuri kweli, lakini soma kibandiko cha nyuma. Zilizotengenezewa soko la Japani zinakula volti 100, na ukutani kwetu ni 230. Muuzaji analijua hilo na bado anakwambia "chomeka tu, mama". Ikiungua, hakufahamu. Na ukimbana mapema, transfoma ya kushusha volti anayo chini ya meza, anakuuzia pembeni kwa bei yake, na transfoma mbovu nayo inavuma.

Spika ndogo za bluetooth, kwa opera, sina la kusema. Sabufa nazo naziweka mwisho, na boksi lake ndilo linaloniudhi. Mbele wameandika wati 5000. Geuza utazame nyuma, umeme linaokula ni wati 60. Wati 5000 zitatoka wapi? Kila mwenye duka anaiona namba ile ya nyuma, lakini bei anaipanga kwa kufuata ya mbele.