Noctua NH-U9S: kipoza prosesa tulivu kwa kompyuta ya mezani ya zamani

Kelele ya kompyuta ya mezani iliyotumika kwa miaka mingi mara nyingi hutoka kwenye feni ndogo iliyobanwa juu ya kipande cha alumini, ambayo hulazimika kuzunguka kwa kasi ili iliondoe joto la prosesa. Prosesa yenyewe huenda bado inafaa kabisa. Core i5-2500 ya Intel iliyotolewa mwaka 2011, kwa mfano, bado hushughulikia hati, kurasa za wavuti na video bila taabu, na kiwango chake cha joto ni wati 95, kiasi ambacho kipoza kizuri hukimudu bila kujikaza. Kwa hiyo anayetafuta utulivu hana haja ya kununua kompyuta nyingine. Anahitaji kipoza kinachoweza kufanya kazi hiyohiyo kwa feni inayozunguka polepole, na ambacho kitaingia katika kasha alilo nalo. Sharti hilo la pili ndilo husahaulika, na ndilo lililonifanya nichague NH-U9S ya kampuni ya Noctua ya Austria badala ya ndugu yake mkubwa, NH-U12S.

NH-U12S ina kimo cha milimita 158 na feni ya milimita 120, na katika kasha pana ningeipendekeza bila kusita. Lakini makasha mengi ya zamani ni membamba, na katika baadhi yake pawa saplai imewekwa juu, karibu kabisa na prosesa, hivyo kwamba kipoza kirefu cha umbo la mnara hakina pa kusimama. NH-U9S ina kimo cha milimita 125. Kabla ya kununua chochote, fungua ubavu wa kasha, weka rula wima kando ya kipoza cha sasa, kisha pima kutoka usawa wa juu wa prosesa hadi mahali kifuniko kinapokaa. Usipime kutoka kwenye ubao mama (ubao mkuu wa saketi), kwa sababu soketi, yaani kiota prosesa inamokaa, na prosesa yenyewe vina unene wake. Nafasi ikizidi kimo cha kipoza kwa milimita chache tu, inatosha. Faida nyingine ya kipoza hiki ni kwamba pamoja na feni yake kina upana na kina cha milimita 95 kila upande, hivyo katika mbao mama nyingi hakifuniki nafasi za RAM wala hakigusi kadi ya michoro iliyo chini yake. Mwenye RAM zenye mabamba marefu ya kupozea ataelewa thamani ya jambo hilo.

Kuhusu sauti, ni vizuri kuelewa kinachotokea. Kelele ya feni haipungui kwa uwiano sawa na kasi yake, bali hupungua kwa haraka zaidi: ukipunguza mizunguko kwa nusu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huchukulia mshuko wa desibeli 10 kuwa ni kama nusu ya ukubwa wa sauti. Hii ndiyo sababu eneo la mapezi (mabamba membamba ya chuma yanayotawanya joto) na wingi wa mirija ya joto vina maana kubwa kuliko nguvu ya feni. NH-U9S ina mirija mitano inayobeba joto kutoka kwenye kitako hadi kwenye mapezi, na feni yake ya milimita 92, NF-A9, hufikia mizunguko 2,000 kwa dakika ikiwa wazi kabisa, ambapo mtengenezaji anataja desibeli 22.8. Kwa prosesa ya wati 95 ni nadra kasi hiyo kuhitajika. Katika kazi za kawaida feni huzunguka chini sana ya hapo, na hata ninapobadilisha faili kubwa ya video kuwa umbizo jingine sauti inayotoka ni ya upepo tu, isiyo na ule mluzi mwembamba unaochosha kichwa. Tofauti hiyo ya aina ya sauti ina uzito kwangu kuliko idadi ya desibeli.

Ufungaji unahitaji uvumilivu. Vipoza vya kawaida vya Intel hushikiliwa na vigingi vinne vya plastiki ambavyo hulegea au kuvunjika kadiri miaka inavyopita. Noctua hutumia bamba la chuma nyuma ya ubao mama na skrubu zenye springi, na matokeo yake ni mshiko imara unaobana sawasawa. Gharama ya uimara huo ni kwamba kasha lisilo na tundu nyuma ya prosesa litakulazimisha kuutoa ubao mama wote. Soketi za Intel za LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zina umbali uleule wa matundu, milimita 75, hivyo hazina tatizo. LGA 775 ina milimita 72 na huhitaji seti ya ziada inayoagizwa peke yake. Kwa upande wa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa, soketi za AM2 hadi AM3+ hutumia bamba la nyuma lililokuja na ubao mama, basi usilitupe. AM4 ya mwaka 2016 ilibadilisha mpangilio wa matundu, kwa hiyo soma orodha ya vilivyomo kwenye boksi kabla ya kulipa.

Wenye AMD za zamani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi wakati wa kutoa kipoza cha awali. Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ikikauka hushika kama gundi, na kipoza kikivutwa moja kwa moja kinaweza kung'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa na kupinda pini zake. Iache kompyuta ifanye kazi nzito kwa muda ili pesti ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie. Safisha mabaki kwa spiriti, halafu weka tone dogo la pesti ya NT-H1 iliyomo kwenye boksi.

Suala la plagi ya feni ndilo huamua kama utapata utulivu uliolipia. Feni hii ina waya nne na hudhibitiwa kwa PWM, yaani ishara ya umeme inayopangia feni kasi yake kupitia waya wa nne. Ukiichomeka kwenye ubao mama wenye pini tatu itafanya kazi, ila kama ubao huo haupunguzi volti itazunguka kwa kasi yake yote muda wote. Hapo ndipo kile kikebo kifupi cha kupunguza kasi, kilichomo kwenye boksi, kinapookoa: hushusha kikomo hadi mizunguko 1,550. Kwenye ubao wenye pini nne, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) na uwashe udhibiti wa feni, unaoitwa Q-Fan kwenye mbao za ASUS na Smart Fan kwenye za Gigabyte. Baadhi ya mbao hutoa onyo la hitilafu ya feni wakati wa kuwaka kwa sababu tu feni inazunguka polepole kuliko zilivyotarajia; shusha kikomo cha onyo hilo, usiipandishe kasi ya feni.

Sipendekezi kipoza hiki kwa kila mtu. Mwenye prosesa ya AMD FX-8350 ya wati 125 kwenye ubao mama usio na vipoza juu ya saketi za umeme za prosesa atafaidika zaidi na kipoza kinachopuliza kuelekea chini, kwa maana mnara huziacha sehemu hizo bila upepo. Makasha bapa nayo yanahitaji kitu kama NH-L9i yenye kimo cha milimita 37, pamoja na prosesa isiyo na joto jingi. Na kompyuta zilizoundwa kiwandani zikiwa na plagi za feni za aina yao wenyewe zichunguzwe kwanza, kwani huenda zikahitaji adapta.

Bei ya NH-U9S iko juu ukilinganisha na thamani ya mashine ya umri huo, lakini ina dhamana ya miaka sita, na kipoza kinaweza kuhamia kwenye kompyuta ijayo. Baada ya kukifunga, tarajia kuanza kusikia vitu vilivyokuwa vimefunikwa: mkwaruzo wa diski ngumu, na feni ya pawa saplai. Diski unaweza kuibadilisha kwa SSD, hifadhi isiyo na sehemu zinazozunguka. Pawa saplai yenye feni inayonguruma haina dawa ila kubadilishwa nzima.