Kozi ya hisabati isiyo na msahihishaji: uzoefu wangu na 18.06SC ya MIT

Ni mwezi wa saba sasa nasoma aljebra ya mstari, yaani tawi la hisabati linaloshughulika na mifumo ya milinganyo, kupitia 18.06SC, kozi ya bure ya MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya bure ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Walimu wenzangu wakiniona na daftari wananiuliza swali lile lile: mazoezi na mitihani unafanyaje, na nani anakusahihishia? Najisahihishia mwenyewe. Nikisema hivyo wengi wanapoteza hamu papo hapo, ndiyo maana nimeamua kueleza kwa kirefu, kwa sababu kwangu hicho ndicho kitu bora kuliko vyote katika kozi hii.

Nafundisha hisabati sekondari mkoani Morogoro. Kabla ya hii nililipia kozi nyingine ya mtandaoni, jina nitaliacha. Maswali yake yote yalikuwa ya kuchagua jibu, na ukikosea unabofya tena mpaka rangi ya kijani itokee. Usiku wa mtihani wa mwisho umeme ulikatika, dakika zikaendelea kuhesabiwa, mtihani ukajifunga. Niliandika barua pepe tatu, hakuna aliyejibu. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Alama zangu za mazoezi zilikuwa juu ya tisini, na nilipojaribu swali moja la somo hilo hilo kwa kalamu na karatasi tupu, nilishindwa hata pa kuanzia.

18.06SC imepangwa katika sehemu kuu tatu, na kila sehemu ina vipindi vyake. Kipindi kimoja kina video ya mhadhara wa Profesa Gilbert Strang, muhtasari wa kurasa chache, video fupi ambayo msaidizi wake anatatua swali moja, kisha karatasi ya maswali na karatasi ya majibu. Kila sehemu inafungwa kwa mtihani, na kozi nzima inafungwa kwa mtihani wa mwisho. Mitihani nayo ina majibu yaliyoandikwa hatua kwa hatua. Hakuna kujisajili, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna saa inayokukimbiza. Mihadhara ilirekodiwa darasani mwaka 1999, kwa chaki na ubao, na Strang mwenyewe alistaafu mwaka 2023, lakini ukimsikiliza dakika kumi unasahau umri wa video. Anafikiri kwa sauti mbele yako, anasimama, anauliza, anarudi nyuma.

Sasa shida. Karatasi ya majibu iko pale pale chini ya karatasi ya maswali. Wiki za mwanzo nilikuwa nahangaika na swali dakika tano, nafungua jibu, nalisoma, najiambia kwamba ningefika hapo hapo. Mtihani wa kwanza niliufanya kwa mtindo huo na nikajipa alama 88. Moyoni nilijua siyo zangu. Wiki tatu baadaye niliuchapisha upya kwenye stesheneri, nikaiacha simu chumba kingine, nikakaa saa moja na kalamu. Nikapata 52. Maswali yale yale, na majibu yake nilishayasoma!

Tangu siku hiyo nasahihisha daftari langu kama ninavyosahihisha la mwanafunzi. Jibu nalifungua baada ya kupiga mstari chini ya kazi yangu na kuandika tarehe. Kalamu nyekundu inapita mstari kwa mstari, na njia ina alama zake, jibu lina alama zake. Nikikosea siandiki jibu sahihi pembeni. Naandika mahali kosa lilipoanzia, na swali lenyewe nalirudia baada ya wiki bila kuangalia. Hata zile video za msaidizi sikuwa nazitumia inavyotakiwa. Anasoma swali, kisha anakuomba usimamishe video ujaribu kwanza. Nilikuwa siisimamishi. Siku hizi naisimamisha, na wakati mwingine inakaa hivyo mpaka kesho yake.

Na kuna jambo ambalo hisabati inalo na masomo mengi hayana: kazi yenyewe inaweza kukuambia kwamba umekosea kabla hujafungua jibu. Chukua mfano ambao Strang anautumia kwenye mhadhara wa kutafuta mstari unaopita karibu zaidi na nukta. Nukta ni tatu: (1,1), (2,2) na (3,2). Hakuna mstari mmoja ulionyooka unaozipitia zote, kwa hiyo unatafuta C na D ili mstari C + Dt, ambapo t ni namba ya kwanza ya kila nukta, ukosee namba ya pili kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Unafika kwenye milinganyo miwili, 3C + 6D = 5 na 6C + 14D = 11, na ukiitatua unapata D = 1/2 na C = 2/3.

Mara ya kwanza mimi nilipata C = 1/2, kwa sababu ya uzembe wa kutoa. Badala ya kukimbilia jibu nikapima kwanza: tofauti kati ya nukta na mstari wangu zilikuwa 0, 1/2 na 0. Jumla ni nusu, na katika njia hii jumla ya tofauti hizo lazima iwe sifuri. Nikarudi juu, nikaliona kosa, nikatatua tena. Safari hii nikapata −1/6, 1/3 na −1/6. Sifuri kamili. Nilikuwa peke yangu mezani saa nne usiku na nilifurahi kama mtoto. Hakuna kitufe cha kijani kilichowahi kunipa furaha ile.

Upungufu upo. Cheti hakuna, kwa hiyo kama unasoma ili upandishwe daraja kazini, tafuta kwingine. Lugha ni Kiingereza, na hakuna wa kumuuliza unapokwama. Mimi nilikwama siku tisa kwenye mada moja mpaka mwalimu wa fizikia akanisaidia. Kwa upande wa bando, karatasi ni nyepesi sana, video ndizo zinazokula. Nazipakua mara moja kisha naangalia bila intaneti, na umeme ukikatika naendelea na daftari kwa taa ya sola.

Mtihani wa pili nilipata 67, wa tatu 74, zote kwa kalamu nyekundu isiyo na huruma. Wa mwisho niliufanya Jumamosi iliyopita, nikaanza saa tatu asubuhi, mlango umefungwa. Alama 71. Kuna swali moja niliacha wazi kabisa, na mpaka leo sijafungua jibu lake. Nimelinakili kwenye karatasi, nimelibandika ukutani juu ya meza, na kila jioni nalirudia kidogo kabla ya kuanza kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu.