Programu za kuprosesi data za GPS ya upimaji: uzoefu wangu Arusha na Moshi

Nina risiva za masafa mawili, yaani L1 na L2, nilizinunua mtumba na zenyewe hazijawahi kunisumbua, kilichonisumbua ni programu. Kwa ambaye hafanyi hii kazi, ni hivi: redio ya besi (risiva inayosimama pointi moja) ikifika kwenye rova (ile unayotembea nayo) unapata jibu lako hapo hapo shambani, lakini huku kwetu ukishuka korongo moja tu upande wa Machame redio imekata na simu haina mtandao, kwa hiyo unaziacha risiva za besi na rova zirekodi data ghafi halafu jioni unakaa na kompyuta unaziprosesi. Hapo mezani ndo inajulikana bikoni ya mtu, ile alama ya mpaka, imekaa mahali pake au imeingia kwa jirani, ndo maana hili jambo silichukulii juu juu.

Programu ya kwanza nilipewa pamoja na risiva. Leseni yake ilikuwa ndani ya kifaa kidogo cha USB, siku kile kifaa kilipokufa aliyeniuzia akasema ninunue leseni upya kwa bei ambayo ni viwanja kadhaa vya kupima, na kibaya zaidi data zangu zote za nyuma zilikuwa kwenye fomati ya kampuni, hazifunguki kwingine kokote. Niliumia sana. Tangu siku hiyo nikitoka saiti, hata kabla sijaoga, nabadilisha faili zote kuwa RINEX. RINEX ni faili la maandishi tu, karibu kila programu inalisoma, la bure na la kulipia, na kama risiva yako haina njia ya kutoa RINEX mi nakwambia usiinunue.

Baada ya hapo nikaingia RTKLIB. Hii ni ya bure kabisa na kodi yake iko wazi, aliiandika Mjapani anaitwa Tomoji Takasu, na ndani yake kuna RTKCONV ya kubadilisha faili, RTKPOST ya kuprosesi na RTKPLOT ya kuchora matokeo. Ukiifungua mara ya kwanza utaona madirisha ya setingi hadi kichwa kiume, mi ilinichukua kama wiki mbili za usiku kuelewa, lakini setingi ninazogusa kila siku ni chache tu: naweka static (risiva imetulia pointi moja), kichujio naweka combined ili ipite data kwenda mbele na kurudi nyuma, satelaiti za chini ya nyuzi 15 kutoka upeo wa macho nazikata, na urefu wa antena naandika ule wa wima. Huo urefu aisee uangalieni. Ukipima kwa utepe wa mshazari ukauandika kama wa wima, programu haitakwambia kitu, itakupa jibu zuri tu lenye mwinuko wa uongo.

Sasa kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa kihamba kimoja, shamba la ukoo la Wachaga, juu ya Moshi. Familia inagawana, mzee ananionyesha mipaka kwa masale, ile mimea ya mpaka, migomba imefunga juu na mibuni chini, anga unaliona kwa vipande vipande. Nikakaa dakika 25 kila pointi. Usiku naprosesi, inaniandikia fixed, yaani jibu la uhakika wa sentimita, na ratio (jinsi jibu bora linavyolizidi la pili) imevuka 3 ambayo ndo kiwango cha kawaida, nikafurahi. Ila moyo ukakataa, nikaprosesi pointi ile ile kutoka besi ya pili niliyokuwa nimeiacha uwanja wa shule, jibu likatofautiana sentimita 38. Sentimita 38 kwenye kihamba ni mti wa sale kubadili mwenyewe! Nikafungua RTKPLOT nikaangalia mabaki (tofauti kati ya kipimo na hesabu) ya satelaiti moja moja, nikakuta mbili zimekatika katika kila mara sababu ya majani na ndo zilikuwa zinavuta jibu. Nikazitoa, nikaprosesi tena, ikarudi float, jibu ambalo halijathibitika, yaani ukweli ni kwamba data ilikuwa haitoshi kabisa na lile fixed la mwanzo lilikuwa la bahati mbaya. Kesho yake nikarudi na fimbo ndefu ya kuinulia antena, nikakaa saa moja na nusu kila kona, besi zote mbili zikakubaliana ndani ya sentimita 2. Programu ambayo haikuonyeshi mabaki ya kila satelaiti, inakupa neno fixed na rangi ya kijani basi, mi siitaki hata kama ni nzuri kwa macho.

Kwa kazi nyepesi za sehemu wazi, kama Usa River au kule chini TPC kwenye mashamba ya miwa, siku hizi natumia Emlid Studio. Nayo ni ya bure, ndani yake ni injini ya RTKLIB ila imerahisishwa, unatupia faili la rova, la besi na la navigesheni, unabonyeza, na si lazima risiva iwe ya Emlid mradi una RINEX. Kijana ninayefanya naye kazi nilimfundisha mchana mmoja akaelewa, RTKLIB yenyewe nisingeweza kumfundisha hivyo.

Kwa besi yenyewe, kama hamna pointi ya serikali karibu, naacha risiva irekodi saa 4 au zaidi halafu natuma kwenye huduma za mtandaoni. Natumia mbili. Ya Kanada, CSRS-PPP, unajisajili bure na majibu yanakuja kwa imeili, na ya Australia inaitwa AUSPOS, hiyo inataka masafa mawili na isipungue saa moja. Natuma zote mbili makusudi, sababu njia zao ni tofauti: ya Kanada inapiga pointi peke yake kwa obiti sahihi za satelaiti, ya Australia inaifunga kwenye stesheni za kimataifa. Zikikubaliana nalala vizuri. Kama kazi haina haraka subiri kama wiki mbili utume tena, obiti za mwisho, zile sahihi zaidi, za IGS (huduma ya kimataifa ya data za satelaiti hizi) zinakuwa tayari. Na usipime besi kuanzia jua linapozama hadi usiku kama unaweza kuepuka, sisi tuko karibu na ikweta na ionosfia yetu, lile tabaka la juu angani ambalo mawimbi ya satelaiti yanapita, saa hizo inachafuka sana, hasa miaka hii ambayo jua limechangamka.

Kitu ambacho usizitegemee programu hizi kukufanyia ni Arc 1960, mfumo wa kuratibu wa michoro yetu ya zamani. Majibu yao ni ya WGS84 au ITRF, mifumo ya dunia nzima, na ukiyabandika moja kwa moja kwenye mchoro wa zamani utaona kiwanja kimehama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Mi nahamisha kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, Arusha na Moshi ni kanda ya 37 kusini, namba ya mfumo kwenye programu 21037, ila ukienda Karatu umeshavuka nyuzi 36 uko kanda ya 36, namba 21036, wengi wanajisahau hapo. Na vile vigezo vya kuhamishia vilivyomo kwenye programu ni vya wastani kwa Kenya na Tanzania, vinaweza kukosea mita nzima nzima, kwa bikoni lazima ushike pointi za zamani tatu nne za eneo hilo hilo ukokotoe tofauti yako mwenyewe.

Je, za kulipia hazifai? Zinafaa. Trimble Business Center na Leica Infinity zinafanya kitu ambacho RTKLIB haina, kusawazisha mtandao mzima wa pointi kwa pamoja na kukutolea ripoti safi. Ukiwa na pointi 40 za barabara hutaki kufunga vitanzi (kuhakikisha mzunguko wa pointi unarudi ulikoanzia) kwa Exceli kama ninavyofanya mimi hadi usiku wa manane. Nikipata kazi kubwa ya hivyo nitakodi leseni ya mwaka, siyo kununua.

Ila kabla ya kulipa, usikubali muuzaji akuonyeshe kwa data yake ya mfano iliyopimwa uwanjani. Mpe yako mbaya. Lile faili la kihamba, lile la dakika 25 chini ya migomba, bado nalitunza kwenye flashi, na kila programu mpya ninayoletewa nalitupia hilo kwanza, ikiniambia fixed kwa furaha naifunga.