Ofisi ya Wakili Mombasa Iliyotuhoji Kabla ya Kumshtaki Mtu

Anayetafuta wakili wa kesi ya ardhi Mombasa huulizia kwanza ada, kisha idadi ya kesi alizoshinda. Baada ya familia yetu kuhudumiwa na ofisi moja ndogo ya mawakili, ambayo siitaji jina kwa kuwa shauri lingali mahakamani, mimi ningeulizia pia jinsi wakili anavyomhoji mteja wake mwenyewe.

Mgogoro wetu ni wa kiwanja cha marehemu baba kilichoko Kisauni, ambacho jirani alianza kukizungushia ukuta akidai kwamba aliuziwa. Hati miliki tunayo, na upekuzi katika masjala ya ardhi ulionyesha kuwa jina lililosajiliwa ni la baba. Hata hivyo, ndani ya bahasha ya hati hiyo mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, yenye alama ya dole gumba, ambamo baba alikiri kupokea malipo ya awali kutoka kwa jirani huyo. Ami alitaka karatasi hiyo ibaki nyumbani. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mzee, karatasi hii peke yake haimpi mtu ardhi, lakini mkiificha huenda ikampa."

Alifafanua kwamba sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili na ushuhudiwe, kwa hiyo risiti ile ilikuwa na majibu yake. Kuificha ndiko kusikokuwa na jibu. Sisi tulikuwa tunaomba zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha jirani kwanza, kabla yeye hajasikilizwa, na anayeomba amri ya namna hiyo hulazimika kumweleza jaji hata yale yanayomuumiza, kwa sababu mwenzake hayupo kuyasema. Ikibainika kwamba alificha jambo zito, zuio linaweza kuondolewa bila hata kuangalia haki iko kwa nani. Tena amri ya upande mmoja haizidi siku 14 kabla ya pande zote kusikilizwa, kwa hiyo siri yenyewe isingedumu.

Kanuni za mashauri ya madai za mwaka 2010 humtaka mdai aape kwamba hakuna kesi nyingine, ya sasa au ya zamani, kati yake na mdaiwa kuhusu jambo lilelile. Shauri letu la mirathi kwa kadhi halikumhusu jirani, na wakili mvivu angeliacha. Huyu alilieleza na kuambatisha nakala ya uamuzi.

Kilichonivutia zaidi ni siku ya kiapo. Hati ya kiapo iliandikwa kwa Kiingereza, na karani alimsomea mama kila aya kwa Kiswahili kabla hajaenda kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Walipofika mahali palipoandikwa kwamba mama hakuwahi kuzungumza na mdaiwa kuhusu kiwanja, mama alimkatiza: walizungumza, tena barazani kwake, wakinywa kahawa. Aya ilifutwa na ukurasa ukachapwa upya, ingawa saa ya kufunga ofisi ilikuwa imepita.

Katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakili wa jirani aliinuka na nakala ya risiti mkononi akisema kwamba tumeificha. Wakili wetu alitaja tu nambari ya kiambatisho chetu chenye risiti hiyo. Zuio liliongezwa muda hadi kesi isikilizwe.

Kasoro zipo. Simu hupokelewa kwa kubahatisha, risiti za malipo hucheleweshwa mpaka uzidai, na gharama ya kudurufu nyaraka hatukutajiwa mapema, jambo ambalo ofisi inayosisitiza uwazi kiasi hicho haikupaswa kulisahau. Mwenye haraka ya kufungua kesi leo kwa maelezo ya dakika kumi atawaona wasumbufu. Mwenye karatasi asiyoipenda ndani ya bahasha yake naye aende nayo, kwa maana wataiomba.