Trikoderma ya viazi: ununue ipi?

Ukivuna viazi vina vigaga vyeusi visivyotoka hata ukisugua kwa maji, au machipukizi yakioza kabla hayajatokeza, shuku Rhizoctonia, kuvu inayoishi udongoni na kwenye mbegu. Hapo trikoderma inafaa. Nayo ni kuvu: hujizungusha kwenye nyuzi za adui, huyeyusha kuta zake na kumla. Ila huzuia, haitibu, kwa hivyo inunuliwe kabla ya kupanda.

Mnyauko bakteria ni jambo lingine kabisa. Kata shina karibu na udongo, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Likitiririsha nyuzi nyeupe kama maziwa, rudisha pesa mfukoni. Anayekuuzia trikoderma kama dawa ya mnyauko anakudhulumu, na wakulima wa viazi aina ya Shangi wameumia vya kutosha. Pesa hiyo inunue mbegu iliyoidhinishwa.

Chaguo langu la kwanza ni poda ya kuchanganya na maji, mathalani Trianum-P ya Koppert: Trichoderma harzianum, aina ya T-22, spora (vijimbegu vya kuvu) bilioni 1 kwa gramu. Inamwagwa mtaroni juu ya mbegu kabla ya kufukia, ikafika pale pale ugonjwa unapoanzia.

La pili ni punje, kama Trianum-G. Zina spora milioni 150 kwa gramu, kwa hivyo utahitaji mzigo mkubwa zaidi, lakini aliye mbali na maji atashukuru.

Mwenye pesa kidogo anaweza kuchanganya poda kidogo na samadi iliyoiva, akaifunika kivulini ikiwa na unyevu kwa wiki moja au mbili. Naiweka ya tatu kwa sababu kuvu nyingine huingia humo bila kubisha hodi.

Mikoraiza, kuvu rafiki wa mizizi, ni ya nne: inasaidia mizizi kufyonza fosforasi, lakini usiitegemee kupambana na Rhizoctonia.

Chupa isiyotaja aina ya kuvu, idadi ya spora, tarehe ya mwisho na nambari ya usajili ya PCPB (bodi ya Kenya ya kudhibiti viuatilifu), iache. Iache pia pakiti iliyoanikwa juani dirishani hata ikiwa na lebo nzuri, maana unachonunua ni kiumbe hai.

Na ukishaichukua, usichovye mbegu hiyo hiyo kwenye kabendazimu, dawa ya kuua kuvu. Itaiua trikoderma uliyoilipia.