Klabu ya sarakasi shuleni kwetu: nyota nne kati ya tano

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, na klabu ya sarakasi naisimamia mimi. Kikundi kilichokuja kufundisha sikitaji jina, maana nina sifa na nina lawama.

Kocha alianza na mitandio myepesi. Mtandio hushuka polepole, kwa hiyo mtoto hupata nafasi ya kufikiria mkono wa pili ufanye nini. Baadaye wakahamia vifuko walivyojitengenezea kwa baluni na mtama. (Wazazi waliochoshwa na manunuzi ya mtaala wa CBC hawakuamini kwamba safari hii ni mtama tu.) Kifuko kikianguka hakibingiriki hadi chini ya madawati, na ukiwa na watoto arobaini hilo si dogo.

Vifuko vitatu ndiyo kazi yenyewe. Rusha hadi usawa wa macho, kivuke upande wa pili, na kinachofuata kisitoke mkononi mpaka cha kwanza kifike juu. Karibu wote hukwama palepale: cha pili hawakirushi, wanakipitisha huku chini mkono kwa mkono. Wengine hukimbiza vifuko mpaka wanafika getini. Hao kocha aliwageuza watazame ukuta, wakatulia.

Waliong'ara si wale wa timu ya mpira. Msichana mmoja mkimya, ambaye kwenye michezo hujificha nyuma, ndiye aliyewashinda wote kuzungusha sahani juu ya fimbo. Kocha akamfanya mwalimu wa wenzake. Sasa anawafokea vizuri tu.

Lawama yangu ni piramidi, ile ya watu kupandana. Wanasarakasi wa Kenya wanajulikana kwayo, kwa hiyo kila mzazi huitarajia, na siku ya wazazi ilipokaribia haraka ikaingia. Kocha mkuu aliifundisha ipasavyo: wa chini aweke magoti na viganja chini, anayepanda akanyage kwenye nyonga au mabega, asiguse katikati ya mgongo. Lakini siku moja ambayo hakuwepo, msaidizi wake alitaka watoto wapande ghorofa ya tatu juu ya saruji, na magodoro mawili membamba pembeni. Nikasimamisha mazoezi. Alininunia, ila mkuu wake aliporudi aliniunga mkono.

Bei ni shilingi 250 kwa mtoto kwa kipindi, vifaa na nauli wanajitegemea wenyewe. Kwa shule ya umma ni nzito. Sisi tulikubaliana wapunguze kwa kuunganisha madarasa mawili.

Ukitafuta kocha, muulize alijifunzia wapi na nani hushika watoto wanapopanda. Nairobi wazuri wapo, wapo waliopitia Sarakasi Dome, ukumbi wa sarakasi pale Ngara, ilipokuwa sinema ya Shan. Asiyekuwa na jibu la swali la pili, mwage.

Wetu nimewaalika tena muhula ujao. Siku za piramidi kocha mkuu awepo mwenyewe, na magodoro yatandikwe kabla watoto hawajavua viatu.