Uzoefu wangu na NDI kwenye shughuli za skrini nyingi: picha inapogandaganda, anza na kebo

NDI ni njia ya kusafirisha picha na sauti kupitia mtandao wa kawaida wa kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya NewTek ya Marekani mwaka 2015. Timu yetu huitumia katika makongamano ya makanisa, harusi na mikutano ya kampuni hapa Nairobi, hasa pale ambapo jukwaa ni moja lakini skrini ni tatu, nne au zaidi, na mojawapo iko kwenye hema la nje walikokaa waliokosa nafasi ukumbini. Nimeridhika nayo na nitaendelea kuitumia. Hata hivyo, nimewaona mafundi wenzangu wengi wakiiacha baada ya picha kuanza kukwamakwama mbele ya watu, na katika kazi ninazozijua mimi, karibu kila mara chanzo hakikuwa NDI yenyewe bali njia iliyopitishiwa.

Uzuri wake ni umbali. Kebo ya kawaida ya HDMI huanza kusumbua ikizidi mita 15 hivi, ilhali kebo ya mtandao hufika mita 100 bila kifaa cha kuongeza nguvu, ni nyepesi, na ikiharibika hukosi nyingine mjini. Kila skrini tunaiwekea kompyuta ndogo inayofungua Studio Monitor, programu inayopatikana bila malipo ndani ya NDI Tools, kisha tunachagua picha inayotoka kwenye meza ya mitambo. Kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja huonana zenyewe bila mtu kuandika anwani yoyote.

Ugumu ni kwamba NDI kamili ni nzito. Picha ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde hula takriban megabiti 125 hadi 150 kwa sekunde, na isipopangwa vingine, kila skrini hutumiwa nakala yake. Kwa hiyo, skrini nne zinaifanya kompyuta inayotuma isukume megabiti 500 hadi 600 kupitia poti moja, yaani tundu moja la kebo ya mtandao. Laini ya jigabiti moja huubeba mzigo huo. Laini ya megabiti 100 haibebi hata nakala moja. Hesabu hii ndiyo ninayomwomba kila fundi aifanye kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa sababu laini inaweza kushuka kutoka jigabiti hadi megabiti 100 na hakuna atakayeambiwa.

Nililiona hilo katika kongamano moja kando ya barabara ya Thika. Skrini ya katikati na ya kulia zilikuwa safi, lakini ya kushoto ilikuwa ikiganda kisha kuruka mbele, jambo lililoonekana zaidi kwaya ilipoanza kucheza. Mzee wa kanisa alikuja kwenye mitambo akauliza kwa upole, “Fundi, mbona watu wa upande ule hawaoni vizuri?” Baadhi ya wenzangu walitaka kompyuta ya skrini hiyo ibadilishwe. Wakati wa mapumziko ya chakula tuliendesha iperf3, programu ya bure inayopima kasi kati ya kompyuta mbili. Kuelekea skrini ya kulia ilitoa takriban megabiti 940, kiwango ambacho laini nzima ya jigabiti hukifikia kwa kawaida. Kuelekea ya kushoto ilitoa 94.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Jigabiti huhitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya kebo, na megabiti 100 huhitaji nne tu. Kwa hiyo mmoja kati ya zile nne za ziada ukikatika, vifaa vingi hurudi kwenye kasi ya chini, na taa ya poti huendelea kumetameta kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulikata kichwa cha kebo ile na kukwangua uzi mmoja kwa wembe: chini ya rangi ya shaba kulikuwa na alumini nyeupe. Kebo za namna hiyo zimejaa sokoni na bei yake inavutia. Zikitandazwa ukutani mara moja tu huenda zikavumilia, lakini kebo ya shughuli hukunjwa na kukunjuliwa kila wikendi, na alumini huvunjika upesi kuliko shaba. Tuliweka kebo ya Cat6 ya shaba halisi, na skrini ya kushoto ikatulia mpaka jioni.

Tangu hapo, kifaa ninachokipendekeza kabla ya kompyuta mpya ni swichi ya jigabiti, yaani kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao, yenye ukurasa wa mipangilio. Ukurasa huo huonyesha kasi ya kila poti na idadi ya paketi, yaani vipande vya data, zilizoharibika njiani. Idadi hiyo ikiongezeka wakati picha inacheza, badilisha kebo au kichwa chake. Swichi hiyo hukuruhusu pia kuzima utaratibu wa kuokoa umeme wa 802.3az, ambao huilaza laini inapokosa data na kuiamsha tena data inapofika. Kwa barua pepe utaratibu huo hauna neno, lakini picha ya fremu 50 hutaka fremu mpya kila baada ya milisekunde 20, na laini inayochelewa kuamka inaweza kuonekana kwenye skrini. Mpangilio huohuo umo pia kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta nyingi, na huko nako unafaa kuzimwa.

Kuna mruko mwingine ambao swichi haiwezi kuutibu, na kuutambua kumetuokolea muda mwingi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera nyingi huwekwa kwenye fremu 25 au 50 ili taa zisionekane zikipepesa, lakini kompyuta huonyesha picha kwa hezi 60 isipoelekezwa vingine. Fremu 50 zikilazimishwa kujaza nafasi 60, kila fremu ya tano hurudiwa, na kamera inapogeuka polepole kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, picha huwa kama inajikwaa kwa mpangilio usiobadilika. Hitilafu ya mtandao haina mpangilio. Huja na kuondoka. Ukiona mruko wenye mdundo, ingia kwenye mipangilio ya skrini uweke hezi 50, uache mtandao ulivyo.

Kuhusu Wi-Fi sina mengi: izime kwenye kila kompyuta inayohusika na picha, na wageni wapewe mtandao wao usiopita kwenye swichi hiyo. Vilevile usiwashe multikasti (kutuma nakala moja kwa skrini zote) kwa matumaini ya kupunguza mzigo kama swichi haijapangwa kwa IGMP, utaratibu unaoiwezesha swichi kujua ni poti zipi zinazoitaka picha, kwa sababu picha itamwagwa kwenye kila poti, hata zile zisizoihitaji.

Kwa ukumbi mdogo wenye projekta moja karibu na meza, NDI ni gharama na kazi ya bure, HDMI inatosha. Kwa maeneo ambako laini haiwezi kuboreshwa kuna NDI HX, inayobana picha zaidi na kutumia sehemu ndogo tu ya mzigo ule, ila huchelewa zaidi. Karibu na jukwaa, ucheleweshaji huo huonekana kwenye midomo ya mwimbaji, ndiyo maana ndani ya ukumbi nabaki na NDI kamili. Kwenye hema la nje, ambako jukwaa halionekani, HX inafaa kabisa, mradi sauti ya hema itoke kwenye NDI hiyohiyo badala ya kuvutwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya sauti ya ukumbini.